Hesabu Miguu Kwanza

Mpwa wangu ana miaka sita na anakaa Mavivi, upande ule ambao ndege zinazoshuka kwenye kiwanja cha Beni hupita chini sana juu ya mabati, mpaka watu hunyamaza katikati ya neno wakingoja kelele ziishe. Siku moja nilimletea kitabu cha picha kutoka Butembo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na ndege mwenye kifua chekundu, ametua kwenye tawi lenye theluji. Mtoto akamkodolea macho, kisha akauliza: "Mjomba, huyu naye anatua kwenye kiwanja?"

Sisi wakubwa tukacheka. Lakini kwa mtoto wa Mavivi ndege anayotangulia kuijua ni ile ya injini, na neno ni hilo hilo moja. Nikafunga kitabu, tukatoka uani. Kunguru wa kifua cheupe alikuwa anazunguka juu ya turubai la kakao la jirani. Alipokaribia paa alinyoosha miguu mbele, akapiga mabawa kama anayejirudisha nyuma, akasimama. "Naye anashusha miguu!" mtoto akapiga kelele. Magurudumu ya ndege yakishuka alikwisha kuyaona mara nyingi. Sasa alikuwa na cha kulinganisha. Tuliporudi ndani alikitazama kitabu kwa macho mengine. Yule ndege wa theluji miguu yake ilikuwa imezama kwenye manyoya, na mpwa wangu akalalamika kwamba mchoraji hakumaliza kazi.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja ninachowapa wazazi na walimu wanaoniuliza wawanunulie watoto vitabu gani vya sayansi na wanyama. Kitabu kizuri ni kile ambacho mtoto anaweza kutoka nacho nje akakibishia. Rangi, jalada gumu, jina la mchapishaji wa Paris au Nairobi, hayo yote yanakuja baadaye.

Tuanze sokoni. Vitabu vya watoto vinavyofika Butembo na Beni vingi ni vya mtumba, kwa Kifaransa, vimepangwa pamoja na vitabu vya mapishi na kamusi zisizo na jalada. Kabla hujauliza bei, tafuta ukurasa wenye mdudu, uhesabu miguu. Mdudu ana miguu sita. Buibui ana minane. Nyuki ana mabawa manne, si mawili, ingawa akitulia yale ya nyuma hujificha chini ya ya mbele. Ukikuta siafu mwenye miguu minne na tabasamu, ujue mchoraji hajawahi kuinama akamtazama siafu, na asiyeinama kwa siafu usimwamini kwa mamba. Kirudishe kitabu mezani. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Kisha tazama kama kitabu kinasema ukubwa. Mbu aliyejaza ukurasa mzima bila neno lolote pembeni humfanya mtoto adhani ni mnyama mwingine, hana uhusiano na yule wa chandarua. Kitabu kizuri kinamchora mbu mkubwa, halafu pembeni kinamweka tena mdogo karibu na punje ya mchele. Kikikosa, chukua kalamu ya biki uchore punje mwenyewe. Kitabu ni chako.

Na ukishafika nyumbani na ukurasa huo wa mbu, usiishie kusoma. Maji yaliyotuama kwenye kopo nyuma ya nyumba huwa na viluwiluwi. Yafunike kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa uzi, yaweke kivulini, na kila asubuhi mtoto achore anachokiona. Ndani ya wiki moja au mbili kiluwiluwi kinachoning'inia kichwa chini hugeuka kuwa kitu kilichojikunja kama mkato, kisha mbu anatokea. Mwageni maji kabla hamjafungua kitambaa. Mtoto aliyefanya hivi mara moja hatahitaji kuambiwa kwa nini makopo hayaachwi uani; yeye ndiye atakayewafokea wakubwa.

Kuna wanaosema vitabu vya Ulaya vichomwe kwa sababu havituhusu. Mimi sikubali. Makosa yake kwetu ni mali. Kitabu kimoja cha namna hiyo kiliandika kwamba saa sita mchana jua liko upande wa kusini. Mwandishi hakudanganya: kwao ndivyo ilivyo. Lakini mstari wa ikweta unapita kusini kidogo ya Butembo, na Mavivi iko kaskazini yake kwa umbali mdogo tu. Chomeka kijiti wima uani. Mwezi wa Desemba kivuli cha saa sita kinaelekea kaskazini. Mwezi wa Juni kinaelekea kusini, maana yake jua limehamia upande wa pili kabisa na ule ulioandikwa. Na karibu na tarehe 21 Machi au 23 Septemba, saa sita mchana, kivuli kinajificha chini ya kijiti chenyewe mpaka hakionekani. Mtoto wa Paris hawezi kuliona jambo hilo kwao hata siku moja.

Mwezi pia. Kwenye vitabu hivyo mwezi mchanga umesimama wima kama herufi C iliyogeuzwa au kama mundu. Toka nje jioni mwezi unapoandama utazame magharibi: huku kwetu umelala chali, kama mtumbwi. Mwambie mtoto achore wa kwetu pembeni ya ule wa kitabu. Ataanza kuuliza kwa nini, na hapo sayansi imeanza, hata kama wewe mwenyewe huna jibu. Kumwambia mtoto "sijui, tutafute" si aibu. Aibu ni kubuni jibu.

Sasa nije kwenye visa vya kweli vya wanyama, ambavyo ndivyo watoto wanavyovipenda kuliko vyote, na ndiko tunakokosea zaidi. Kisa bora kwa mtoto wa huku kwetu kilianzia Beni yenyewe, na ajabu ni kwamba watoto wengi wa Beni hawajakisikia. Toa noti ya franga 1000, mwonyeshe mnyama aliyemo: okapi. Kisha msimulie.

Mwaka 1890 msafiri Stanley aliandika kwamba Wambuti wa msitu wa Ituri wanamjua mnyama anayefanana na punda. Mwaka 1900 Mwingereza Harry Johnston, aliyekuwa anasimamia Uganda kwa niaba ya serikali yake, aliwarudisha Kongo Wambuti waliokuwa wametekwa ili wakaonyeshwe kama vioja huko Ulaya. Njiani aliwauliza juu ya mnyama huyo, nao wakamweleza. Alipofika kwenye boma la Mbeni, ambalo jina lake ndilo jina la mji wa Beni, aliwakuta askari wamevaa mikanda ya ngozi yenye milia. Akaenda msituni kumtafuta mwenye ngozi. Waliokuwa wanamwongoza wakamwonyesha nyayo. Johnston akazitazama, akakataa: kwato zilikuwa zimepasuka kati, na yeye alikuwa anatafuta mnyama wa jamii ya farasi, ambaye kwato yake ni moja. Akadhani wanamwonyesha nyayo za pofu. Nyayo zilikuwa za okapi.

Hapa simama, ufunge kitabu kwa muda, umuulize mtoto: nani alikuwa anajua, na nani alikuwa na kiburi?

Vipande vya ngozi vikapelekwa London, na mwanzoni mwa 1901 mtaalamu Sclater akamwita mnyama huyo *Equus johnstoni*, yaani aina ya farasi. Mwaka huo huo Karl Eriksson, ofisa Mswidi aliyekuwa boma la Mbeni, akatuma ngozi nzima na mafuvu. Meno na fuvu vikamaliza ubishi: huyu ni ndugu wa twiga. Jina likabadilishwa kuwa *Okapia*. Kwa hiyo wataalamu walikosea kwa maandishi, kisha wakajisahihisha kwa maandishi, ndani ya mwaka mmoja. Mtoto anayejua hilo hatashtuka akikuta kosa kwenye kitabu cha shule.

Ukinunua kitabu chochote chenye okapi, tafuta neno "aligunduliwa". Vingi vinasema aligunduliwa mwaka 1901. Kwa penseli ongeza: na watu wa Ulaya. Jina okapi lenyewe limetoka kwa watu wa msitu wa Ituri; hawakungoja mtu aje awaambie wana mnyama gani. Ni maneno manne tu ya penseli, lakini mtoto atasoma kurasa zilizobaki akijua kwamba babu zake hawakuwa vipofu.

Baada ya historia, mpe mtoto mambo ya mwili wa mnyama, kwa kuwa ndiyo yatakayobaki kichwani. Ulimi wa okapi ni mrefu kiasi kwamba anaweza kujilamba masikio. Dume ana vipembe vifupi vilivyofunikwa ngozi. Jike kwa kawaida hana, na mara nyingi jike ndiye mrefu zaidi, kwa hiyo angalia mchoraji kama ameweka baba na mama sawasawa. Ndama wa okapi anaweza kukaa mwezi mzima au zaidi tangu kuzaliwa bila kunya hata mara moja. Inadhaniwa hiyo humsaidia asinuswe na chui. Habari hii ya mavi niliisoma mbele ya watoto kumi na wawili chini ya mwembe, na hakuna aliyekumbuka nyingine yoyote kesho yake. Sikusikitika.

Mnyama huyu yuko Kongo peke yake kati ya nchi zote za dunia. Ndani ya hifadhi ya Virunga, upande wa kaskazini karibu na mto Semuliki, miaka mingi ilipita bila ushahidi kwamba bado yupo. Mwaka 2006 dalili zake zikapatikana, na 2008 kamera iliyofungwa kwenye mti ikampiga picha. Hapo si mbali na Mavivi. Na hapa lazima niseme kile ambacho kila mzazi wa huku anakijua. Tangu mauaji ya raia yaanze huku Oktoba 2014, watoto wetu hawapelekwi msituni. Kizazi chetu kilikwenda kuokota uyoga na kuni, kikajua mti kwa harufu yake. Hawa wanaujua msitu kama mahali ambapo watu walikwenda wasirudi. Kitabu cha wanyama kwao kinabeba mzigo ambao mwandishi wa Ulaya hakuufikiria: kwa sasa ndiyo njia pekee ya kuingia msituni bila kuogopa. Kwa hiyo chagueni vitabu ambavyo ndani yake msitu una mchana, una vipepeo, una maji. Msitu wa giza wenye macho mawili mekundu watoto wetu wanao tayari, hawahitaji kuununua.

Vipi basi visa vyenye kifo? Kile cha Ndakasi ni cha kweli na kinafaa, kikisomwa kwa adabu. Mwaka 2007 walinzi wa Virunga walimkuta sokwe wa milimani, mtoto wa miezi miwili, amemng'ang'ania mama yake aliyepigwa risasi. Wakamchukua. Alilelewa kwenye kituo cha Senkwekwe pale Rumangabo, pamoja na yatima mwenzake Ndeze, na mlezi wake Andre Bauma. Mwaka 2019 picha yao wakiwa wamesimama nyuma ya mlinzi kama watu wanaopigwa picha ya harusi ilizunguka dunia nzima. Ndakasi alikufa kwa ugonjwa Septemba 2021, akiwa na miaka 14, mikononi mwa Bauma.

Mtoto wa Beni aliyepoteza mzazi atakisikia kisa hiki tofauti na mwingine. Usifiche kwamba mama alikufa. Mtoto atajua umeruka, na atadhani jambo lenyewe ni baya kuliko lilivyo. Sema kwa sentensi moja, bila damu, kisha kaa kwenye miaka 14 iliyofuata: nani alimbeba usiku wa kwanza, alilala wapi, alijifunza nini. Miaka 14 ni mingi kuliko siku moja, na kurasa zigawanywe vivyo hivyo. Mtoto akinyamaza, nawe nyamaza. Akitaka kurudia ukurasa ule ule mara nne, rudieni. Lakini kisa cha Epulu, ambako tarehe 24 Juni 2012 wavamizi waliua watu na okapi wote 14 waliokuwa wanatunzwa kituoni, mimi singemsomea mtoto wa miaka sita. Nacho ni cha kweli, ila kimngojee mpaka afike sekondari.

Neno "kweli" kwenye jalada nalo lichunguzwe. Kutoka Kenya kuna kitabu maarufu cha picha juu ya Owen na Mzee, alichoshiriki kukiandika Paula Kahumbu. Owen ni mtoto wa kiboko aliyebaki peke yake pwani ya Malindi siku za tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akajibanza kwa kobe mzee mwenye umri wa miaka 130 hivi. Picha zinaonyesha kiboko amelala ubavuni mwa kobe: hilo limeonekana. Kwamba walikuwa marafiki, hilo ni neno letu sisi watu. Muulize mtoto: tumeona nini, na tumedhani nini? Ukizoea swali hili, hata hadithi za sungura na fisi hutazifukuza nyumbani. Koko aendelee kuzisimulia jioni, na mtoto ajue tu kwamba ile ni hadithi na hii ni habari. Watoto hawachanganyi vitu hivyo kama tunavyodhani. Wanaochanganya ni wakubwa, hasa ikifika zamu ya bundi na kinyonga.

Na popo. Tangu Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, mtoto wa Beni anamwangalia popo kwa hofu. Kitabu kinachofaa kinasema mambo mawili kwa pamoja: popo hula wadudu na kusambaza mbegu za miti, na mnyama yeyote aliyekutwa amekufa au mgonjwa haguswi. Kinachosema moja tu, kiache.

Labda umeshaona ugumu wa ushauri wangu: vitabu vyenye okapi na kakao, kwa Kiswahili, havipatikani kila kona. Kuna mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, unaotoa hadithi fupi za picha bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mwenye simu na vifurushi anaweza kupakua, akachapisha kwenye duka la fotokopi kwa nyeusi na nyeupe, watoto wakatia rangi wenyewe. Lakini dawa hasa ni kutengeneza. Karatasi nane ukizikunja kati zinakupa kurasa 32, na karatasi nne zinakupa 16, ambazo kwa mtoto zinatosha kabisa. Zishone kwa sindano na uzi kwenye mkunjo, si kwa pini, maana pini hushika kutu msimu wa mvua. Jalada ni katoni ya sabuni, gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Kila ukurasa picha moja na sentensi moja.

Mada usiitafute mbali. Anza na vanila, ikiwa nyumbani au kwa jirani ipo. Ua lake hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Kwao Mexico kuna nyuki wa kulihudumia. Huku hayupo, ndiyo maana mama huamka mapema na kijiti, anainua kile kiwambo chembamba ndani ya ua na kubana kwa kidole gumba. Mtoto ameuona mkono huo mara nyingi bila kujua ulianza wapi. Ulianza mwaka 1841 kwenye kisiwa cha Réunion, kwa mvulana mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond Albius. Wataalamu wa mimea walikuwa wamehangaika bila kupata njia rahisi. Yeye akaipata kwa kijiti na kidole. Alipewa uhuru 1848, akafa maskini 1880. Hapo una kitabu kizima: ua, kijiti, mkono wa Edmond, mkono wa mama, ganda linalokomaa baada ya miezi tisa hivi. Mwache mtoto auchore mkono wa mama yake kwa kuuweka juu ya karatasi na kuuzungushia penseli.

Kitabu cha pili ni cha kakao. Maua yake huota kwenye shina, si kwenye ncha za matawi, na yanachavushwa na visubi wadogo kuliko mbu, wanaozaliana kwenye majani yaliyooza chini ya mti. Baba mmoja aliyesikia haya wakati mwanawe anamsomea alikoma kufagia chini ya mikakao yake.

Cha tatu ni cha kuhesabu. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua kule Ishango, mahali Semuliki inapotokea ziwa Edouard, mfupa mdogo wenye alama za kuchanja, wenye umri wa miaka kama 20,000. Alama ziko kwenye safu tatu: mbili zinajumlisha 60 kila moja, ya tatu 48. Mfupa uko Brussels. Alama mtoto anaweza kuzichanja kwenye bua la mtama, akahesabu. Wengine wanasema ilikuwa hesabu, wengine kalenda ya mwezi. Andika "labda" kwenye ukurasa huo kwa herufi kubwa.

Lugha isikusumbue. Picha izungumzwe kwanza kwa Kinande au Kiswahili, kile anachootea mtoto, Kifaransa kifuate kwa kusoma. Na vitabu visifungiwe kabatini visichafuke. Vitundike kwenye kamba, mbali na mchwa, kwa urefu ambao mtoto anafikia.

Mpwa wangu sasa ana kitabu chake cha wanyama wa Mavivi. Kunguru yumo, miguu mbele. Mjusi wa ukutani yumo, na buibui aliyefutwa mara mbili kwa sababu miguu haikutimia. Ukurasa wa okapi ameuacha mtupu. Nilimwambia achore kutoka kwenye noti, akakataa. Ameandika chini kwa biki ya bluu: "Bado sijamuona."